Swali la Bi Mwasiti katika Nchi ya Nenoni

Katika nchi ya Nenoni nilikaa siku kumi, na muda mwingi wa siku hizo nilikuwa nimechoka. Jinsi nilivyofika si jambo la maana. Yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari sitini ya darasa la sita kwa mkupuo mmoja ameshapita karibu na mpaka wake. Nitaeleza tu nilichokiona, na yale machache niliyoyafanya.

Mpakani nilipokewa na mwanamke mwenye utepe mweupe shingoni. Akasema, "Wewe ni mgeni. Wageni huketi hapa. Jina lako halijaandikwa."

Nikangoja aniulize jina. Hakuniuliza. Akaenda kumwita mwenzake wa utepe wa buluu, ambaye aliniuliza jina, nilikotoka na kazi yangu. Kila nilipojibu, hakuandika kitu. Aliyeandika ni yule wa utepe mweupe. Akaja wa tatu, wa utepe mwekundu, akasema, "Pita." Pembeni alikuwapo mwanamume mnene wa utepe wa njano, akisinzia. Wakamgusa kwa kiwiko.

"Lo, mgeni gani huyu," akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu matofali, kisha akarudi kusinzia.

Ndipo nilipoelewa. Nenoni kila mtu hupewa aina moja ya sentensi akifikisha miaka saba, na hiyo ndiyo anayoitumia mpaka azikwe. Wa utepe mweupe hutoa taarifa. Wa buluu huuliza. Wa mwekundu huamuru. Wa njano hushangaa, na serikali huwatumia zaidi katika sherehe. Nilishuhudia uzinduzi wa bomba moja la maji ambapo washangaaji arobaini walipangwa kwa mistari na kushangaa kila kengele ilipogongwa, mpaka wakakaukiwa na koo, na bomba lenyewe lilikuwa halijaanza kutoa maji. Watoto wa chini ya miaka saba hutumia aina zote nne. Kwa hiyo nyumba zenye watoto wadogo zina kelele, na watu hupenda kuzitembelea.

Sheria hii waliitoa katika kitabu. Nilikiona ndani ya sanduku la kioo katika ukumbi wa Baraza: kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha shule ya msingi, kilichoachwa huko na msafiri nisiyemjua. Wao Kiingereza hawakijui, lakini mkalimani mmoja wa zamani aliwatafsiria sura nne za mwanzo, yaani taarifa, maswali, amri na mishangao. Sura ya tano ililiwa na mchwa. Wataalamu wao wanaamini ilikuwa sura ya adhabu. Mimi vitabu vya namna ile navijua. Sura ya tano ni mazungumzo: watu wawili wanakutana na kuongea. Sikuwaambia, kwa sababu hata mimi darasani sijawahi kuifikia. Muhula huisha tukiwa bado tunatambua na kubadilisha sentensi.

Mgeni haruhusiwi utepe. Kwa siku kumi anaruhusiwa kusema apendavyo, isipokuwa ndani ya Baraza, ambako lazima aandikishe mapema sentensi moja na aina yake. Siku ya kumi ikiisha, achague utepe au aondoke. Chakula chake huletwa na serikali kwenye sinia lenye mhuri, na mwenye nyumba anakofikia hana ruhusa ya kumlisha.

Nilipangiwa kwa Bi Mwasiti, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpiga pasi wa majoho ya wajumbe wa Baraza. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Utepe wake ulikuwa mweupe.

"Chumba ni hicho," aliniambia. "Dirisha halifungi vizuri. Kiti kile kina mguu mbovu, mwanangu."

Nikamshukuru, nikakaa kitandani. Kwa kuwa mimi ni mwoga wa watu, nilifurahi kumpata mwenyeji asiyeuliza. Siku ya pili furaha hiyo iliisha. Ndani ya nyumba ile maneno yalianguka sakafuni yakabaki hapo. Alisema, "Mvua itanyesha." Alisema, "Mkaa umepanda." Hakuna sentensi yake iliyonyoosha mkono kwangu.

Siku ya tatu nilimuuliza kama aliishi peke yake tangu zamani.

"Nilikuwa na mume," akasema. "Jina lake Ngwali. Utepe wake ulikuwa wa buluu."

Kumbe Nenoni ndoa hupangwa hivyo, mwenye taarifa kwa mwenye swali, ili nyumba isipungukiwe. Ngwali alikuwa mwulizaji. Jioni, akirudi, kabla hajavua viatu alimuuliza mkewe, "Umekula?" Alimuuliza hata alipomkuta na sahani mbele yake na tonge mkononi.

"Nilikuwa namjibu, 'Mwanamume huyu ana macho mabovu,'" akasema Bi Mwasiti, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Kisha akageuza joho upande wa pili. "Alipelekwa kuchimba Mfereji Mkuu. Huu ni mwaka wa tatu. Nyumba hii haina swali."

Nikamuuliza kama amewahi kwenda kuulizia.

"Naenda kila mwezi," akasema. "Kesho ni siku yangu."

Nilimsindikiza. Idara ya Ubadilishaji ina madirisha mawili na foleni ndefu. Kwenye dirisha la kwanza unasema sentensi yako, nao wanaitambua aina. Kwenye la pili unaomba ibadilishwe iwe aina nyingine, kwa sababu kila mwananchi anaruhusiwa kubadilishiwa sentensi moja kwa mwezi. Dirishani alikaa karani wa utepe mweupe aitwaye Kidawa, msichana wa rika langu, mwenye wino kwenye vidole.

"Mume wangu sijui aliko," akasema Bi Mwasiti.

"Hiyo ni taarifa," akasema Kidawa. "Imepokelewa." Akagonga mhuri. Taarifa hupokelewa, haijibiwi.

Bi Mwasiti akasogea dirisha la pili na kuomba iwe swali. Karani wa pale aliandika kwa mwandiko mzuri, akamrudishia. Karatasi ilisema: Je, mume wangu sijui aliko? Sheria yao inasema kubadilisha ni kugeuza tu yaliyoletwa. Kuongeza au kupunguza ni kutunga, na Idara ya Utungaji ilifungwa zamani. Akapelekwa kwa mjibuji, ambaye alilisoma swali, akafikiri kwa haki kabisa, akasema, "Hujui."

"Mwezi uliopita nilileta, 'Mume wangu hajarudi,'" akaniambia tukiwa njiani. "Wakaibadilisha. Wakanijibu kwamba hajarudi. Mwezi wa kabla yake nilileta, 'Mume wangu yu hai.' Mjibuji akasema hana taarifa hiyo. Karatasi zote ninazo. Zinafika hapa." Akaonyesha pingili ya kidole.

Niliona aibu, na aibu ile haikuwa ya Nenoni. Nilikumbuka ubao wangu. Badilisha sentensi zifuatazo ziwe maswali. Watoto walikuwa wakipata alama zote kumi bila hata mmoja kutaka kujua jibu.

Siku ya saba niliitwa kwa Bwana Fumbwe, mkuu wa Baraza, aliyesikia kwamba mimi ni mwalimu niliyesomea jambo hili chuoni. Alikuwa mtu mpole mwenye utepe mwekundu, na upole wake wote aliupitisha katika amri.

"Kaa, Mwalimu," akasema. "Kunywa maji. Usiogope. Niambie ulisomea miaka mingapi."

"Miwili," nikasema.

"Fahamu kwamba tuna shauri gumu," akasema. "Soma ukurasa huu. Tupe jibu siku ya Alhamisi. Andikisha taarifa moja tu, isiyo ndefu."

Nikausoma. Ulieleza kwamba katika Mfereji Mkuu, miaka miwili na ushei iliyopita, mchimbaji wa utepe wa buluu alimuuliza msimamizi, "Bwana, ukingo huu haupasuki?" Msimamizi alikuwa wa utepe mwekundu, na mwenye amri haruhusiwi kujibu swali. Mwenye taarifa alikuwa amekwenda mjini kupeleka taarifa ya asubuhi. Basi msimamizi alisema alichoruhusiwa kusema. Alisema, "Endelea kuchimba." Saa moja baadaye ukingo uliporomoka. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, liliandikwa jina la mchimbaji aliyeuliza. Ngwali.

Kwa miaka miwili Baraza lilikuwa likibishana juu ya sentensi ile. Nilikaa nikawasikiliza siku nzima. Wajumbe wote ni wa utepe mwekundu, kwa hiyo hubishana kwa amri.

"Kumbukeni kwamba swali ni swali," akasema mmoja.

"Acha kutuchezea," akasema wa pili. "Tazama lililokuwa moyoni mwake. Kubali kwamba alikuwa anaonya."

"Usiingie moyoni mwa mtu. Baki kwenye sentensi."

"Toka wewe kwanza kwenye hiyo sentensi, umekaa humo tangu mwaka juzi."

Kengele ikagongwa, na washangaaji ishirini waliokaa nyuma wakasema kwa pamoja, bila kuinua vichwa, "Ajabu."

Shauri lilikuwa hili. Ikiwa Ngwali aliuliza tu, msimamizi alifuata sheria, Ngwali alifuata sheria, ukingo peke yake ndio wenye kosa, na faili lifungwe. Ikiwa alionya kwa kujifanya anauliza, alivuka utepe wake. Jina lake lingefutwa katika vitabu vyote, na mke wake angehesabiwa kuwa hakuwahi kuolewa. Nani alikuwa chini ya ukingo, nani alitoka, hilo halikuwa mbele ya Baraza. Katika siku nzima sikulisikia likitajwa.

Jioni hiyo nilimfuata Kidawa, ambaye kila Alhamisi huketi Barazani kama karani wa mafaili, akiwa anafunga dirisha. Nikamuuliza kama orodha ya walioporomokewa ipo.

"Swali la mgeni halipokelewi dirishani," akasema. Akafuta wino kidoleni, ukaenea zaidi. "Taarifa inayotolewa bila kuulizwa kihalali ni uvujaji. Dada yangu alivujisha. Sasa anaishi ng'ambo ya mfereji na haruhusiwi kusema kitu."

"Basi faili likifungwa watayasoma majina," nikasema.

"Faili likifungwa huenda Ghalani. Ghala hufunguliwa baada ya miaka arobaini."

Kidawa alichukua kitambaa, akaingia ukumbi wa Baraza ulio mlango wa pili, nami nikimfuata, akaanza kupangusa vumbi kwenye ubao wa kanuni uliotundikwa ukutani. Alipangusa kanuni moja tu, ya kumi na mbili, akakunja kitambaa na kuondoka. Kanuni hiyo ilisema kwamba swali likiulizwa ndani ya Baraza juu ya faili lililo wazi, mwenye taarifa aliyepo atalijibu palepale, akisema yote, bila kuficha. Haikuwahi kutumika. Barazani hakujawahi kuingia mtu wa utepe wa buluu.

Mimi nilitakiwa kuandikisha taarifa. Kama ningetoa swali, ningepoteza haki ya ugeni siku hiyohiyo. Lakini hilo silo lililonizuia kulala. Miaka miwili chuoni sikuwahi kunyoosha mkono. Mhadhiri akinitazama, nilikuwa naangusha kalamu ili nipate sababu ya kuinama chini ya meza.

Jumatano mchana nilimkuta Bi Mwasiti akinyoosha majoho ya kesho yake. Kila Alhamisi asubuhi huyapeleka mwenyewe ukumbini. Katikati ya majoho ilikuwapo kanzu moja nyeupe, ya mtu mrefu, iliyofifia kwenye kola kwa kupigwa pasi mno.

"Bi Mwasiti," nikasema, "kama kuna jibu, hata likiwa baya, ungependa kulisikia?"

Alisimamisha pasi hewani.

"Pasi imepoa," akasema. Akaenda kuongeza mkaa, akakaa huko muda mrefu kuliko mkaa ulivyohitaji. Aliporudi hakunitazama. "Wali bado naupima wa watu wawili. Mkono ndio umezoea, hausikii. Wali unabaki kila siku. Nimechoka kumwaga wali, mwanangu."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Karatasi yangu ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Sentensi ile ni ya kuuliza. Ingepata alama kamili katika mtihani wowote. Kidawa alikaa mezani na faili. Bi Mwasiti alisimama mlangoni, majoho mkononi, akingoja wajumbe wanyanyuke wavae.

"Simama, Mwalimu," akasema Bwana Fumbwe. "Sema."

Nikasimama. Nikaiangusha karatasi, na mara hii sikuinama kuiokota.

"Ngwali yuko wapi," nikauliza, "na waliokuwa naye chini ya ukingo walikuwa wangapi?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mjumbe wa nyuma aliweka kiganja sikioni. Bwana Fumbwe alinitazama kama mtu aliyeumwa na kitu alichokifuga.

"Nyamaza," akasema. "Rudia ulichoandikisha."

"Mtoeni nje," akasema mwingine.

"Ngojeni," akasema wa tatu, mzee mwenye miwani, akielekeza kidole ukutani, kwenye mstari mmoja uliokuwa safi. "Someni ile."

Kidawa alikuwa ameshasimama. Faili lilikuwa wazi, na kidole chake cha wino kilikuwa juu ya ukurasa. Nadhani kilikuwa hapo tangu asubuhi.

"Walikuwa kumi na saba," akasema. "Wote walifukiwa. Hakuna aliyetoka akiwa hai. Ngwali alitolewa siku ya tatu. Alikuwa juu ya mwenzake, amemfunika. Amezikwa mashariki ya mfereji, kaburi la tisa kutoka kwenye nguzo ya kipimo."

Kisha akayasoma majina yote kumi na saba, moja baada ya jingine, bila haraka. Hakuna mjumbe aliyemkatiza, kwa kuwa kanuni ilisema yote. Washangaaji hawakugongewa kengele, na hawakushangaa. Yule mnene wa mpakani alikuwa miongoni mwao. Jina la kumi na moja liliposomwa alifungua utepe wake wa njano, akauweka mapajani na kulia, jambo ambalo kule halina utepe.

Bi Mwasiti alilaza majoho kwenye benchi, moja moja, akiyalainisha mikunjo kwa kiganja. Alipomaliza, alitoka nje.

Kisha mjumbe mmoja akasema, "Amueni sentensi ya mgeni ilikuwa ya aina gani," na wote wakageuza viti vyao, kwa namna fulani wakiwa wamepumua.

Niliamriwa niwe nje ya mipaka kabla ya jua kuzama. Mgambo wa utepe mwekundu alifuatana nami mpaka nyumbani kuchukua mfuko wangu, akasimama kizingitini. Sinia lenye mhuri halikuwa limeletwa. Nilikuwa si mgeni tena. Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba mfuko wenye magauni mawili na kitabu ulinishinda kuufunga.

Bi Mwasiti alikuwa jikoni. Pasi ilikuwa nje, mdomo wazi, imemwagwa majivu. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amejifunga kanga upya na kunawa uso. Nilitaka kumpa pole, nikashindwa kuchagua sentensi ya kuibebea. Alikuja mpaka karibu, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama anayesoma.

"Umekula?" akaniuliza.

Mgambo alishtuka pale kizingitini. Alimtazama Bi Mwasiti, akautazama utepe wake mweupe, kisha akatazama mbingu kuona jua lilikobaki. Akatugeuzia mgongo.

"Kula, Mwalimu," akasema taratibu, akielekea barabarani.

"Bado," nikamjibu Bi Mwasiti.

Akavuta kile kiti chenye mguu mbovu, akakiegemeza ukutani ili kisianguke, akanikalisha, naye akakaa mkekani mbele yangu. Wali ulikuwa umepimwa wa watu wawili. Siku hiyo haukubaki.